Samli Kwenye Uji wa Rahel

Luhaga, maharage yako jikoni, yameshaiva. Usiyaunge kwa samli. Weka nyanya, vitunguu na mafuta kidogo ya alizeti, dada yako apate kula. ~~Samli mwaga.~~ Usimwage, bibi yenu ameisuka mwenyewe huko Lalago. Akiondoka mpe arudi nayo, na usimwambie ana kosa. Kosa ni langu.

Rahel, asubuhi nilikutilia samli kwenye uji kwa siri, upate nguvu. Ulipoonja ukaukataa, nikakuita mzungu mbele ya bibi. "Mwembamba kama fito, mafuta yatakufanya nini?" Ukanijibu taratibu, "Mama, daktari alituambia wote, na wewe uliitikia."

Kweli alituambia. Mwenye lupasi kama wewe, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, hata akiwa kijana mwembamba, chembe za lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, zinaweza kumharibia mishipa ya moyo mapema, hata kipimo cha kawaida kikisoma vizuri. Niliitikia huku nasoma simu. Na kazi yangu ni kuwafokea wakulima wa pamba kule Zagayu wanaosema "ndiyo, bibi shamba", halafu wanafanya yao!

Nimeondoka hujatoka chumbani kwa sababu sikujua uso niuweke wapi. Dawa umeze ukishakula. Kifua kikibana, usinifiche kwa kuogopa mdomo wangu. Nipigie hata nikiwa mkutanoni.

Nimepika uji mwingine, uko kwenye chupa. Ni maji na unga tu. Najua utauonja kwanza; onja tu.

Mama yenu