Vikanda vya Mama Haviliwi

Albertville, 16 Juni 1963

Mpendwa Yaya Domitille, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Grégoire. Je, kifua chako kimetulia na baridi ya huko Pepa? Sisi tu wazima. Mke wangu Angélique amepona malaria, nami bado ni karani katika biro ya reli.

Barua yako ya Mei nimeisoma mara tatu. Unasema wachuuzi wamechimba kilima cha marehemu Mama mpaka hakikubaki kikanda hata kimoja, kile kiazi cha maua yake kinachopikwa na karanga, na kwamba mimi nami nivipike vile ulivyonitumia, tusahau. Yaya, nakataa.

Viazi vyako sita nilivipanda tarehe 9 Septemba 1961, nyuma ya nyumba, chini ya mwavokado, mahali jua linapopenya kidogo tu. Nilileta majani yaliyooza kutoka msituni, nikayachanganya na mchanga. Vikatoa majani, bila ua. Juni iliyofuata majani yakakauka. Wewe ungejua kwamba kikanda hulala kiangazi. Mimi, mtu wa biro, niliogopa, nikavimwagilia maji siku tisa mfululizo. Vinne vikaoza. Kosa ni langu, na katika daftari langu nimeliandika hivyo.

Norbert, kaka yake Angélique anayekaa kwetu, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Shemeji, umeua wagonjwa kwa maji! Sasa tuwaitie padri."

Akataka kujenga banda la kuku papo hapo. Nilizungushia mawe, nikamwambia kuku wake walale chumbani kwake.

Tarehe 3 Desemba viwili vikachomoza. Februari vikachanua, rangi ya waridi, maua yale yale tuliyokuwa tukiyaruka tukienda mtoni na Mama. Nilisimama pale nikachelewa kazini.

Jumapili yake mama mukwe akaja na jembe, na karanga zimekwisha kutwangwa. "Mukwe wangu, hii njo chakula. Maua haishibishe mutu!" Nilileta kiti, nikakiweka mbele ya maua, nikakikalia mpaka karanga zikatiwa kwenye sombe, majani ya muhogo, badala ya vikanda. Alikula, akaenda bila kuniaga.

Sasa majani yamekauka tena, na sijatia hata tone. Jana nilifukua kwa vidole: viwili vimekuwa vinne, vigumu, vizima. Viwili vinabaki hapa. Viwili vimo katika mkebe ule ule wa maziwa ulionitumia navyo, anakuletea Papa Barthélemy, dereva wa lori la ng'ombe. Uvipande kilimani, katika mashimo yale yale ya wachuuzi. Usivimwagilie. Ngoja mvua.

Nisalimie shangazi Émérence na watoto wote. Mungu akupe pumzi ya kupanda kile kilima.

Wakikucheka, waache wacheke. Wakija na jembe, Yaya, leta kiti.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Théophile