Baba Amepanda Juu ya Mabati

Peris, uko?

Nimekuja Kabuchai kuona baba. Jioni hii nikasikia mabati inalia. Kutoka nje, ni yeye! Na miaka yake yote, amesimama juu ya nyumba anazungusha antena!

Ati "Nabwile, imeshika?"

Bana, hiyo antena hata waya haina siku hizi! Nikamwambia, "Baba, tafadhali shuka." Akakasirika. "Si ni Jumamosi? Kipindi chenu kinaanza na TV bado ni chenga tupu!"

Unakumbuka vile mlikuwa mnajaa kwetu tukiwa watoto, yeye juu anazungusha, sisi tunamjibu kwa dirisha? Sasa akauliza tena, "Imeshika?" Na mguu ukateleza.

Nikapiga kelele kama zamani. "Imeshika baba! Usiguse tena! Kuja tuone!"

Ndio akashuka, pole pole, mimi nimeshikilia ngazi nikilia.

Saa hii nimemwekea katuni kwa simu. Anacheka. Anauliza mbona Peris wa jirani hajafika. Amekuwekea nafasi kwa kochi, hata mimi amekataa nikae hapo.

Najua Kitale ni mbali, lakini kuja. Naogopa kubaki na yeye peke yangu.