Sukari ya Kumpa Pole Fundi

Jumatatu, 9 Agosti

Nimechemsha uji tena. Sukari vijiko vitano, kama mama mkwe anavyotaka. Korona imemwacha mume wangu, karudi nyumbani mifupa mitupu. Kila anayekuja kumwona analeta kilo ya sukari. Ndiyo desturi. Kabati limejaa. Kumrudishia mtu huwezi, na nisipoipika mama mkwe anauliza namfichia nani. Basi mume wangu, Baba Neema, anakunywa.

Vidonge vya hospitali vimeisha. Kajiongezea vingine duka la dawa, anasema vinampa nguvu. Kweli anakula. Na maji anakunywa kama ng'ombe.

Jumamosi, 14 Agosti

Shavu la kushoto limevimba. Yeye anasema jino. Mama mkwe anasema nimemuunguza nilipomfukiza kwa mvuke wa majani ya mzumbasha. Blanketi la kumfunikia alishika nani kama si yeye? 

Leso anayopengea mume wangu ina damu nyeusi. Sipendi.

Cherehani yake bado imefunikwa. Wanakwaya wanapita kuulizia sare zao, wanajifanya wamekuja kutoa pole.

Jumanne, 17 Agosti

Kope la kushoto limeanguka, halinyanyuki. Nimemfinya shavu, hasikii. Mama mkwe anataka aitwe mng'oa meno. Nimebishana naye mbele ya wageni, mimi ambaye hata shikamoo yake sijawahi kuichelewesha. Nimetafuta gari. Kesho asubuhi hospitali. Anune tu.

Jumatano, 18 Agosti

Kumbe ana kisukari. Sukari imepanda mpaka kile kipimo kimeshindwa kusoma.

Daktari, binti mdogo tu, kammulika mdomoni. Juu, kwenye kaakaa, kuna weusi. Kasema fangasi. Nikamwambia fangasi ni za vidole vya miguu. Hakucheka. Kasema hizi zimo kwenye udongo na vumbi, mzima hazimfanyi kitu. Ila mwili uliochoshwa na Korona, sukari kwenye damu, na vile vidonge alivyojiongezea, vimezifungulia njia. Zinapanda jichoni. Zikitoka hapo ni ubongo. Anapelekwa Dar.

Ule uji. Nina hasira, sijui na nani.

Jumapili, 22 Agosti

Dar joto, silali, sikai. Dawa ya dripu inamtetemesha kitanda kizima. Wanataka kulitoa jicho kabla fangasi hazijafika mbali. Kakataa. "Fundi wa jicho moja, nani atampa kitambaa?"

Nimezunguka korido mpaka mlinzi kaniuliza nimepoteza nini. Mama mkwe kapiga simu, analia, anataka mwanawe asiguswe. Nimemkatia. Naogopa.

Jumatatu, 23 Agosti

Nimemwambia Baba Neema fundi nitampata kokote, mume sitafuti mwingine.  Halafu kaniuliza nitamtazamaje. Nikamjibu hata alipokuwa na mawili sikuolewa kwa ajili ya sura yake. Kacheka, upande mmoja.

Kaweka sahihi. Nimekwenda chooni nikalia.

Jumatano, 25 Agosti

Wamelitoa. Yuko hai. 

Jumapili, 3 Oktoba

Tumerudi nyumbani Soni. Baridi ya kwetu, nilikuwa naitamani.

Mama mkwe kaja na kikapu. Nikajiweka tayari kwa ugomvi. Kufungua, maharage na mayai. Kakaa karibu na mwanawe, kaomba na yeye apewe uji usio na sukari. Kaumaliza wote, uso umemkunjamana. 

Mchana Baba Neema kafunua cherehani. Kuna kipande kilibaki kwenye sare za kwaya, akajishonea kifuniko cha jicho. Ushono umekwenda upande. Zamani angeufumua hapo hapo. Kakivaa, kaniuliza kama kimekaa sawa.

Nimesema kimekaa sawa.