Ufunguo Ulikwenda Sokoni

Jumatano. Baridi kavu, na vumbi la kambi ya Dzaleka limeingia hadi kwenye kikombe changu cha chai. Sina hamu ya kuandika. Lakini nisipoandika leo, kesho nitajidanganya kwamba sikuona nilichokiona.

Nimetoka Kawale, mjini Lilongwe, kumtazama mdogo wangu Faida.

Amekaa huko tangu mvua zilipokwisha, katika nyumba ya kutunza wagonjwa wa akili. Inaendeshwa na mama mmoja wa Uvira, kule Kongo, mkimbizi kama sisi. Wengi hapa kambini humsifu, nami nimemsifu mara nyingi. Anawalisha, anawaogesha, anahakikisha wamemeza dawa. Faida amenenepa kidogo. Hilo nalitanguliza, kwa kuwa ni haki kulisema.

Nilifika kabla ya adhuhuri. Mlango ni wa chuma, na kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje. Dirishani ulitoka moshi wenye harufu ya maharage yanayoungua. Nilibisha. Mwanamke mmoja akabandika uso kwenye nondo za dirisha.

"Karibu, Papa! Ingia basi!"

Nilimwuliza mwenye nyumba yuko wapi.

"Alienda soko, na ufunguo ilienda naye. Bako bote babili banachagua nyanya."

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilisikia mlango ukisukumwa kutoka ndani. Ilikuwa sauti ya bega kwenye chuma, polepole, bila kuchoka. Sikuhitaji kuambiwa ni bega la nani.

Nieleze, kwa ajili ya wasomaji ambao hawakutoka kwetu.

Kule Fizi, vita vilipokuwa vikipita na kurudi, tuliacha kufunga milango kwa makomeo. Tulifunga kwa kipande cha kitenge, fundo moja la kuvuta, ili hata mtoto aweze kulifungua gizani na kukimbilia porini. Mume wa Faida alikuwa mfanyabiashara. Kwa kuwa aliweka bidhaa ndani, alitia komeo la chuma. Siku walipokuja watu wenye bunduki, Faida alikuwa mtoni akiloweka mihogo. Aliporudi, paa la nyasi lilikuwa linawaka. Alisukuma mlango, na waliokuwa ndani hawakuweza kulipata komeo katika moshi ule.

Mume, na watoto wao wote.

Tangu hapo, Faida hawezi kulala katika nyumba ambayo mlango wake haufunguki. Hapa kwangu alikuwa akiamka, anaondoa komeo, anauacha mlango wazi, kisha anarudi kwenye mkeka wake. Asubuhi moja tukakuta cherehani ya mke wangu imekwenda. Mke wangu ni mshonaji. Cherehani ndiyo shamba letu. Ndipo tukampeleka Kawale.

Mwenye nyumba alirudi na nyanya zake, akafungua. Moshi ukatoka kabla hatujaingia. Mbaula, lile jiko la makaa, ilikuwa ukumbini, kati ya vitanda na mlango. Mlango wenyewe ni mmoja. Kila dirisha lina nondo. Sikuona hata ndoo ya maji.

Faida hakunisalimu. Aliushika mlango uliokuwa wazi, akauvuta, akausukuma, akauvuta tena. Aliporidhika, alikwenda kitandani akalala. Kwenye kifundo cha mkono wake niliona alama ya kamba.

"Mzee, huyu dada yako anapenda milango sana," mama yule alisema. "Njo maana nilimufunga kwa kitanda."

"Je, amewahi kukimbia?"

"Kukimbia, hapana. Anafungua, anaangalia inje, anarudi kulala. Lakini mwingine alitoka, gari ikamugonga pale barabarani. Ndugu zake bananitukana mpaka leo. Na wewe je, wako akigongwa, hautanitukana?"

Ningemtukana.

Hata hivyo, nilipokuwa mwalimu nilisimamia bweni la wavulana, na kanuni yetu ya kwanza ilikuwa hii: mahali wanapolala watu hapafungwi kwa nje. Hatukuwa na vitanda vya kutosha, hatukuwa na vyandarua, lakini kanuni hiyo hatukuivunja. Nilimwuliza moto ukiwaka yeye akiwa sokoni itakuwaje.

"Mungu analinda, Mzee."

Sibishani na ulinzi wa Mungu. Nilimwomba mambo mawili: mbaula ikae nje, na ufunguo wa pili ukae ndani, kwa mtu mwenye akili timamu. Mbaula alikubali. Ufunguo alikataa, alisema hana wa kumlipa akae ndani kutwa. Sidhani kwamba ni mtu mbaya. Ni mtu mmoja mwenye kufuli moja, na hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kuja kumkagua.

Sikumchukua Faida leo. Nyumba yangu si yangu peke yangu, na cherehani iliyoibwa haikuwa yangu.

Nilipokuwa natoka, kufuli lilibanwa nyuma yangu. Kisha bega likaanza tena.

Jioni nimemweleza mke wangu yote. Aliendelea kukanyaga cherehani yake mpya, ambayo aliipata kwa tabu kubwa. Mwishowe aliuliza jambo moja.

"Papa Furaha, na bezi ba cherehani bakirudi?"

Nilitazama komeo la mlango wetu.

Alimaliza mshono wake. Kisha akatoa kipande cha kitenge katika masalio yake, akakikunja, akakishona kingo zote mbili ili kisichanike, akaniwekea mezani. Nilichukua bisibisi nikaling'oa komeo. Nilipogeuka, nilimwona anaiburuta cherehani hadi kando ya kitanda, upande anaolala yeye.

Ruhusa ya kutoka kambini ninayo hadi kesho. Nitapanda minibasi ya kwanza kumfuata Faida.

Naomba tu nimkute mwenye nyumba hajakwenda sokoni.