Matairi ya Kumsindikiza Verlin

Jumatatu, 9 Septemba

Dewey kaja bila kupiga simu. Kavaa fulana yenye uso wa Verlin. Kitambi chake kimeuvuta uso wa mume wangu mpaka umekuwa mpana kama sahani. Chini wameandika: MOSHI WA MWISHO. Kaniletea na mimi moja. Nimeitia chini ya sinki, kwenye matambara.

Kaja pia na rimu mbili za nyuma za Nova, gari la mbio la Verlin, mpya, zinang'aa kama vyombo vya hotelini, na matairi yake tayari yamevalishwa. Vipara vya mbio, matairi yasiyo na meno. Mapana kama mapipa! Kayaegesha sebuleni, juu ya zulia, halafu kakaa na kumaliza pai yangu ya tufaha.

— Haya ndiyo ya kumsindikiza kaka, shemeji, alisema. Mdomo umejaa.

Nilikuwa nimejaribu kusahau. Siku ya mazishi, mwezi wa saba, Dewey alininong'oneza jambo sikioni nikatikisa kichwa. Siku ile ningetikisa kichwa kwa lolote. Kumbe nilikubali hivi: Jumamosi ya mwisho ya msimu, Nova iwekwe kwenye mstari wa kuanzia, majivu ya Verlin yamwagwe mbele ya matairi ya nyuma, na Dewey ayazungushe papo hapo mpaka kila kitu kiwe moshi.

Watu wa mbio za magari za robo maili huagana hivyo. Walimfanyia mzee Orville Tackett miaka ile. Nilikuwepo. Nilipiga makofi. Upepo ulikuwa unatujia sisi, nami nilikuwa nakula bisi. Nikasikia chembechembe kwenye meno. Nilidhani ni chumvi.


Jumanne, 10 Septemba

Nyumba nzima inanuka mpira. Mapazia. Hata mkate.

Nimeligeuza sanduku la majivu ya Verlin pale kwenye rafu ili lisiyatazame yale matairi. Upuuzi, najua. Sanduku halina mbele wala nyuma.


Alhamisi, 12 Septemba

Nilikuwa naanua nguo nikasikia mlango wa gereji. Dewey tena. Nova iko juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yametolewa, na yeye kapiga magoti na grenda mkononi. Miwani ya kujikinga kaipandisha kwenye paji la uso, mahali ambapo haina faida yoyote.

— Unafanya nini na hiyo?

— Rimu zimezidi upana kidogo. Nakata madigadi kwa ndani. Inchi mbili tu, shemeji. Hata hutaona.

— Nitaona.

— Ni gari tu, jamani!

— Basi kakate lako.

— Langu bado ni la benki!

Nikasimama, mgongo kwenye madigadi, kapu la nguo kifuani. Madigadi yale Verlin aliyanyoosha majira mazima ya baridi baada ya kumgonga paa barabarani. Nyundo ndogo, gongo la mbao upande wa pili, redio ikizungumza peke yake. Rafiki zake wote walikata magari yao ili matairi mapana yaingie. Yeye alikataa. Alisema tairi ndilo linalopaswa kulifuata gari. Akishapiga nyundo alikuwa anapitisha kiganja, anafumba macho. Ndivyo alivyofanya pia kwenye mgongo wa binti yetu Corinne alipokuwa mtoto, kumlaza.

Nikamwambia Dewey: matairi nitachagua mimi. Kama hiyo shughuli itakuwepo.

Alicheka mpaka akakohoa.

— Wewe? Unajua hata tairi linakaa upande gani?

— Upande wa chini.

Kaondoka na mapipa yake. Kaacha alama mbili nyeusi kwenye zulia. Nimesugua kwa siki. Hazitoki.


Jumapili, 15 Septemba

Nimempigia Corinne. Nilitaka aniambie kwamba Dewey kazua, kwamba Verlin hakuomba moshi huo.

— Mama, baba alisema mwenyewe. Siku ya sherehe yangu ya kumaliza shule. Tulikuwa wengi nyuma ya nyumba.

— Mimi nilikuwa wapi?

— Ndani. Unakata keki.

Nakata keki! Kamwambia binti yake, kawaambia majirani, kamwambia Dewey, ambaye hawezi kutunza siri wala chakula. Mimi, miaka yote kwenye kitanda kimoja, hakuniambia.

Leo kinyaa changu ni juu ya Verlin. Naandika hivyo na sitafuta.


Jumatano, 18 Septemba

Hollis kaja na futi yake na ubao mnyoofu. Yeye ndiye mwenye duka la matairi, na alisoma na Verlin tangu darasa la kwanza. Mtu wa maneno machache. Alivua kofia kabla ya kuingia gereji, kama kanisani.

Kwanza alishusha ekseli mpaka uzito wa gari ukaikalia. Dewey alikuwa amepima ikiwa inaning'inia. Tena upande wa kushoto peke yake!

— Kapima mguu mmoja, kanunua viatu, alisema Hollis.

Tulipima pande zote mbili. Mimi nilishika ubao. Kutoka pale rimu inapofungwa, kuingia ndani mpaka kwenye springi. Halafu kutoka nje mpaka ukingo wa madigadi. Kulia nafasi ya nje ni ndogo kuliko kushoto, karibu nusu inchi. Hollis akasema magari mengi ya miaka ile yalitoka kiwandani hivyo, ekseli haikukaa katikati.

Nikakumbuka. Verlin bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, kwa magunia ya lishe ya ng'ombe aliyobeba kule kinuni alikofanya kazi. Kila koti jipya nilipunguza mkono wa kulia. "Mimi na Nova mafundi walikuwa wale wale," alikuwa akisema, huku amesimama juu ya stuli nami nina pini mdomoni.

— Tunachagua kwa upande finyu, alisema Hollis. Na siyo tairi likae tu, shemeji. Kipara kikishika kasi kinafura. Gari likiruka mbele, kitako kinashuka. Lazima ibaki nafasi. Verlin aliacha nafasi gani?

— Inchi sijui. Kidole changu.

Hollis akanitazama.

Ni kweli. Vidole vya Verlin vilikuwa vinene mno, havikupita kati ya tairi na bati. Kwa hiyo alikuwa anaita kutoka gereji: "Nadine, leta kidole!" Nami natoka jikoni, unga mpaka kwenye viwiko, naingiza kidole, nakizungusha juu ya tairi lote. Kikipita bila kukwama, anasema haya, kaendelee. Wakati mwingine niliacha unga juu ya tairi na akaenda nao mbioni hivyo hivyo.

Halafu nikamuuliza lile jambo. Majivu yanakwenda wapi hasa? Hollis hadanganyi, ndiyo maana nilimwuliza yeye.

— Mengine yatashika kwenye mpira. Mengine yataondoka na moshi. Mengine yatabaki kwenye maji ya mstarini na ile gundi wanayopuliza chini ili matairi yashike.

— Na matairi baadaye?

Akaangalia kofia yake. — Dewey anataka kutundika moja baa.

Baa! Juu ya vichwa vya walevi! Nilikaa juu ya ndoo. 

— Matairi yatarudi nyumbani na mimi, nilisema. Yote mawili. Hiyo kwanza.

— Sawa.

— Na kwa nini Verlin hakuniambia, Hollis?

Akasema huku anakunja futi. Verlin alimwambia hivi: Nadine nikimwambia atakubali, kwa sababu ni mimi ninayeomba. Halafu ataumia kila siku mpaka siku yenyewe. Bora aumie mara moja.

Kwa hiyo akaniachia Dewey. Na pai mdomoni.


Jumatatu, 23 Septemba

Rimu nimezipata kwenye rafu ya nyuma dukani kwa Hollis. Za chuma, nyeusi, hazina pambo. Nyembamba kuliko zile za Dewey, na sehemu ya kufungia imekaa ndani zaidi, ndiyo maana zinafaa. Matairi ni marefu, laini ubavuni, ukiyabonyeza yanabonyea kama mkate mpya. Dewey kayazunguka, midomo imevimba kwa kununa.

— Yanaonekana ya kizee, shemeji.

— Aliyekufa hakuwa kijana.

Hollis akakaza nati, akashusha jeki.  Nikaenda mwenyewe nikaingiza kidole. Kushoto kilipita kwa uhuru. Kulia kilipita pia, bati likiigusa ngozi kidogo. Kimetoka cheusi. Nimepika nacho hivyo hivyo.

Kwa hiyo yamekaa. Nilitaka yasikae? Kama yasingekaa, ningekuwa na sababu ya kusema hapana. Sasa sababu sina, isipokuwa mimi mwenyewe.


Ijumaa, 27 Septemba

Nimefungua sanduku. Mara ya kwanza. Nilifikiri nitatapika. Hapana. Siyo majivu kama ya jiko. Ni mchanga mweupe, mkavu, una vipande.

Ila mfuko umefungwa kwa kiwaya, kile kile cha mfuko wa mkate. Hicho ndicho kimenichefua. Mtu mzima, kafungwa kama mkate! Nimekitupa. Nimefunga kwa utepe wa pazia la zamani la jikoni, lile alilolitungua siku alipojaribu kunisaidia kupamba.


Jumamosi, 28 Septemba

Uwanjani. Naandika ndani ya gari la Hollis kwa sababu mvua imesimamisha kila kitu. Hakuna anayekimbia kwenye maji. Wanaume wanakaa chini ya mahema na kula soseji zenye jibini ya rangi ya taa za barabarani. Inawachirizika mpaka kwenye viwiko. Nyuso za Verlin kila mahali, zimelowa, zimekunjamana juu ya matumbo. Mtangazaji anataja jina lake kwenye spika, halafu anataja bia, halafu jina lake tena.

Dewey kaja dirishani kunionyesha alicholeta cha kuchotea. Kijiko kikubwa cha aiskrimu. Cha kutoka kwenye jokofu lake! Nimemwambia akirudishe au nitakirusha shambani kwenye mahindi. Kama ni kumwaga, nitamwaga kwa mkono.

Nimesema "kama". Kalisikia. Uso wake ukasawajika, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba nikaona kwamba anafanana na kaka yake. Kidevuni.

— Shemeji, usinifanyie hivyo. Sina kingine cha kumfanyia.

 Sanduku liko mapajani. Nililifunga mkanda njiani, Hollis akajifanya hakuona.

Mvua imepungua. Wanapitisha mashine ya kukausha njia. Harufu ile ya gundi inapanda, tamu, mbaya. Nimefunga kioo, inaingia tu. Naifikiria bisi. Kuna mwanamke pale uzioni, kashika kikombe cha bisi. Nataka kwenda kumwambia asimame upande mwingine, upepo unatoka huku. Hajui.

Wanatuita. Nova imeshuka kwenye trela, imesimama mstarini. Dewey ndani, mikanda yote, kofia ngumu. Uzito wake umekishusha kitako cha gari, na upande wa kulia ulikuwa finyu tangu mwanzo. Hollis kainama nyuma, anachungulia kati ya tairi na bati. Anajaribu kidole chake. Hakipiti. Anasimama, anapangusa mikono kwenye suruali, anakuja huku. Anagonga kioo.

— Nadine, leta kidole.

Hakusema shemeji. Kasema hivyo tu.

Nimeshakunja mkono wa koti. Nitakwenda, hilo nalijua, siwezi kuacha wayazungushe matairi yakiwa yanakwaruza. Ila sanduku nitaliweka wapi? Kwenye kiti, peke yake, sitaki. Chini sitaki, kumelowa. Hollis kanyoosha mikono yote miwili kulipokea, na mimi bado nimelikumbatia.