Meno Kwenye Kopo la Vifungo

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na unisome mpaka mwisho, maana haya sijamwambia hata mdogo wangu tuliyelala kitanda kimoja utotoni. Mimi ni fundi cherehani, uzi naukata kwa meno tangu nikiwa najifunza kazi, mkasi naona unanichelewesha, na fizi zilipoanza kutoa damu nikipiga mswaki nikajisemea ngoja nizipumzishe, kidonda hakisuguliwi, nikawa nasukutua maji ya chumvi tu na kutafuna karafuu harufu isitoke, damu nikawa siioni tena nikafurahi, kumbe jino la mbele linalegea taratibu, sasa nikiligusa kwa ulimi linacheza, na mchana nikiinama kwenye cherehani, gurudumu likizunguka na jua likitambaa juu ya kitambaa cheupe, nasinzia macho wazi, naona meno yangu yanadondoka moja moja bila maumivu, mepesi, yanaingia kwenye kopo la vifungo, mteja anachagua anasema nishonee haya, nami nashona huku naimba, nikizinduka nimeshika mdomo.

Mume wangu ni mwokaji mikate, mtu wa mizaha, zamani akirudi na unga kwenye nyusi nilikuwa nacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Siku hizi nacheka nimeziba mdomo kwa kiganja, nalala nimempa mgongo asisikie harufu. Juzi anavua viatu akaniuliza polepole, "Mama watoto, kama kuna mtu mwingine, niambie tu." Sikumjibu, maana kujibu ni kufungua mdomo. Naogopa daktari atang'oa meno yote, na naogopa zaidi mume wangu ataondoka. Nifanye nini?

Fundi wa Kiganja Mdomoni

*

Fundi wangu,

Pole sana. Hilo kopo la vifungo limenikaa kichwani tangu asubuhi. Lakini lazima nikugombeze. Mteja akikuletea gauni ambalo mshono umeanza kuachia, humwambii akalipumzishe sandukuni. Fizi zinazotoa damu zinataka kusafishwa, si kuachwa. Uchafu ukiganda kwenye shina la jino unakula mpaka mfupa unaolishika, na karafuu inaficha harufu tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umebakiza kidogo ndoa ikuumbue.

Kesho nenda kwa daktari wa meno, akwangue huo uchafu ulioganda. Jino hilo huenda akaliokoa, huenda akaling'oa, sikudanganyi, ila hayo meno mengine ukiyawahi bado ni yako. Nunua mswaki laini, upige asubuhi na kabla ya kulala, hadi pale jino linapokutana na ufizi. Mkasi uufunge kamba uuvae shingoni. Ukikata tena uzi kwa meno, usiniandikie.

Daktari ni kesho, lakini mume ni leo. Mwenzio anadhani kanyang'anywa mke, kumbe anashindana na jino. Akirudi jioni na unga wake kwenye nyusi, ondoa kiganja, umwonyeshe linavyocheza. Mtu wa mizaha huyo, atasema neno la kijinga. Basi cheka, mama, mdomo wazi, jirani agonge ukuta.