Paa ya Koko Nsimire

Lundi, 8 Aprili. Walungu.
Kama kila mwaka, asubuhi nimepanga foleni ya choo nyuma ya vijana wenye umri wa watoto wangu. Wanafunzi kumi na wawili wa universite, kutoka Bukavu, wiki moja ya kumutumikia Mungu. Mimi ndiye muongozaji: papa mwenye tumbo na megafoni. Kazi yetu ni paa ya mabati kwa Koko Nsimire, bibi muzee, mujane. Paa yake ya nyasi inavuja. Mabati ni zawadi ya muumini mmoja wa Uvira. Kamioni itafika kesho. Programu inasema leo tubomoe. Koko akaomba tungoje kwanza mabati yaonekane kwa macho. Nikamutania mbele ya wote: "Koko, imani yenu iko wapi?" Akacheka pamoja nasi. Saa sita nyasi yote ilikuwa chini. Tuliimba vizuri sana.

Mardi, 9 Aprili.
Kamioni haijafika. Tumepiga picha juu ya kuta. Nimeanguka kwenye ngazi; heshima tu ndiyo imeumia. Wanafunzi wamecheka. Koko pia.

Mercredi, 10 Aprili.
Dereva amepiga simu. Amekwama Sange, maji yamekata barabara. Hajui siku.
Mvua saa tisa. Tulifunika kuta na bashi ya plastiki, upepo ukaichana. Koko amehamia jikoni, yeye, mbuzi wawili na moshi. Leo hakuna aliyeimba.

Jeudi, 11 Aprili.
Nimemuuliza Koko kama tunaweza kurudisha ile nyasi. Hapana. Tumeikanyaga yote, imekuwa matope. Nyingine inakatwa kiangazi tu. Alinieleza polepole, kama mutoto wa katekisimu. Miaka hamsini na miwili, na sijui nyasi inakatwa lini.
Mvua tena. Ukuta wa nyuma umeanguka. Espérance, mudogo kuliko wote katika kundi, alilia. Nikamuambia Mungu ana mpango wake. Niliona aibu kabla ya kumaliza kusema.

Vendredi.
Mvua kutwa. Koko anakohoa.

Samedi, 13 Aprili.
Masomo inaanza lundi. Basi lilikuja saa mbili. Kamioni iko Sange bado. Espérance aliomba kubaki, nikamukatalia: wazazi wake wamenikabizi. Mimi hakuna aliyenikabizi kwa mutu. Ningeweza kubaki. Nilipanda, kiti cha mbele, karibu na dereva, kama kawaida yangu.
Kabla ya hapo Koko alitoka jikoni na kikapu cha viazi vitamu. Vyetu, vya njiani. Nikaanza kuomba samahani, maneno mengi, ninavyojijua. Akanishika mukono.
"Papa Deo, mimi niliwaambia mungoje. Sasa muende, mvua isiwakute njiani."
Haikutukuta.

Dimanche, 14 Aprili. Muhumba, Bukavu.
Baada ya misa wameonyesha picha zetu. Ile ya mardi, vijana juu ya kuta, mikono juu, mimi chini na megafoni. Koko iko pembeni, anacheka. Watu wamepiga makofi. Wakaniomba ushuhuda. Nilisema tumefika salama, nikakaa. Wamesema Papa Deo amekuwa munyenyekevu.
Muke wangu amechemsha viazi. Vitamu kweli. Nimeshindwa kumaliza kimoja.
Mabati ya nyumba yangu imeanza kulia. Mvua. Imetoka upande wa Walungu.